Maziwa ya Jioni

Jinsia nilipewa Jumatatu asubuhi, kabla chai haijafika. Nasema nilipewa kwa sababu sikuiomba. Mimi ni fundi wa baridi. Nimesomea friji, na hata nikiingia buchari kununua nyama, kitu cha kwanza ninachosikiliza ni kompresa, bei baadaye. Lakini asubuhi hiyo, katika ofisi yetu ya Nakuru, mkuu wa mradi alitusomea swali lililotoka kwa wafadhili: katika utafiti wenu, jinsia iko wapi? Wanaume wote mezani wakatazamana, wakatazama dirisha, halafu polepole, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi.

Mkuu akauliza kwa upole kama singewasaidia na hiyo sehemu. Nilikasirika, sitadanganya. Nilikuwa mwanamke peke yangu pale, na kwa maoni yao hilo lilikuwa shahada tosha. Nikawaambia kama kazi zinagawanywa hivyo, basi mwenye kitambi apewe sehemu ya lishe. Wakacheka sana, mwenye kitambi akacheka kuliko wote, na jina langu likaandikwa palepale kando ya neno jinsia. Ilikuwa kurasa mbili mwishoni mwa ripoti, huko nyuma kabisa ambako wasomaji wengi huwa wameshachoka na kwenda kula.

Huyo mkuu tulimwita Daktari, na kabla sijamsema vibaya wacha niseme kwamba nampenda. Ni mtu mpole, msafi wa roho, aliyekulia mjini na kuyajua maziwa kwa pakiti. Udaktari wake ni wa takwimu. Hilo lilituletea shida siku ya kwanza tulipopanda Olenguruone, kwetu milimani, kwa sababu watu walisikia daktari amekuja na mzee mmoja akatoka mbio na ng'ombe aliyefura tumbo. Daktari alisimama mbele ya ng'ombe yule, mikono mfukoni, akamweleza mwenyewe kwa heshima zote kwamba juu ya ng'ombe mmoja hawezi kusema lolote, anahitaji wengi. Mzee aliondoka akisema serikali imetuma mwendawazimu.

Kazi yetu ilikuwa mashine ya kupoza maziwa kwa nguvu za jua. Niliitengeneza kwa mikono yangu, katika karakana tuliyokodi eneo la viwanda: sanduku la chuma lenye kuta nene, paneli juu ya paa, betri chini, na kompresa niliyoichagua kama watu wanavyochagua mchumba. Sababu yake ilikuwa rahisi. Huko juu, lori la ushirika hupita asubuhi tu. Maziwa yanayokamwa asubuhi huenda nalo. Yanayokamwa jioni hayawezi kulala bila baridi, kwa hivyo lori huyakataa. Katika michoro ya Daktari kulikuwa na kipande kikubwa chekundu kilichoitwa hasara ya jioni. Maziwa yanayopotea. Yanapotelea wapi, hakuna aliyeuliza, na mimi mtoto wa boma niliangalia kile kipande chekundu mwaka mzima nikifikiria nyuzijoto.

Lazima nieleze mambo ya kwetu hapa, maana asiyeyajua hataelewa kilichofuata. Kwetu, maziwa ya asubuhi na ya jioni ni vitu viwili, ingawa chuchu ni zilezile. Ya asubuhi ni ya lori, na malipo ya lori huenda kwa mwenye jina ushirikani, na mwenye jina ni baba. Ya jioni ni ya mama. Hakuna sheria iliyoandikwa popote, na sijawahi kusikia mtu akibishana juu yake. Kwa maziwa hayo mama hupika chai ya usiku. Hujaza vibuyu vya mursik, maziwa yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti mpaka yakomae. Humpelekea jirani aliyejifungua. Yakibaki, humuuzia mama mwenye hoteli pale sokoni, na viatu vyangu vya shule vilitoka huko. Baba anaweza kuuza fahali mzima bila kumshauri mtu, lakini sijawahi kumsikia akimuuliza mama maziwa ya jioni yameenda wapi.

Nilidhani namletea mama zawadi. Wakati wa kiangazi maziwa yake yalikuwa yakiharibika, na alikuwa akilalamika. Basi nikafikiri: baridi ndiyo hii, mama, pokea. Mawazo yangu hayakufika kwenye asubuhi inayofuata, lori linapofika na kubeba vyote vilivyo ndani ya sanduku kwa jina la baba.

Boma zilichaguliwa na ushirika, na letu likawa mojawapo. Tuliipandisha mashine wakati wa matope, lori likiteleza kutoka Molo mpaka tukashuka na kulisukuma. Baba alikuwa ametusubiri na koti lake la kanisani. Alikuwa ameondoa majembe na mbolea kwenye stoo iliyo karibu na geti, mahali lori la maziwa linaposimama, akaipaka chokaa. Wazee wa jirani walikuwa wamejaa. Aliwaonyesha kila boliti akisema hii imefungwa na msichana wangu, hata zile zilizofungwa na wenzangu. Nilijifanya naona haya, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimefura kwa furaha.

Mama alileta chai. Aliizunguka mashine mara moja, akafuta tope kwenye mlango kwa ncha ya aproni, akaniuliza hii itakula maziwa ya saa ngapi. Nikamwambia ya jioni, yatalala baridi mpaka lori lije. Akauliza ufunguo unakaa na nani. Baba akagonga mfuko wa koti. Mama akasema ni sawa, ni mashine nzuri, akaenda kuangalia kuku. Sikuwa nimewahi kumwona mama akienda kuangalia kuku wakati wageni wanakunywa chai.

Mwanzoni maziwa ya jioni yalikuja vizuri, na Daktari alikuwa akiingia ofisini akipiga mluzi. Kisha yakaanza kupungua. Si kwetu tu, bali kila boma lenye mashine. Ya asubuhi yalibaki palepale, ya jioni yakashuka kila wiki mpaka mashine nyingine zikawa zinapoza hewa. Daktari alikonda. Aliuliza juu ya majani, juu ya maji, juu ya mvua. Hatimaye akapata jibu lake: kelele. Ng'ombe, alitueleza, ni mnyama wa hisia. Anapokamwa jioni anasikia mtambo ukinguruma, anaogopa, anabana maziwa. Akapanda mlimani na simu yake inayopima sauti, akaiweka karibu na sikio la ng'ombe wa baba, na ng'ombe akajaribu kuila.

Nilikaa kimya mpaka aliposema tutanunua magodoro ya sponji tuifunike mashine. Hapo damu ilinichemka. Mashine ya baridi ikifunikwa godoro inakosa hewa, inachemka, inakufa. Halafu kelele zipi? Kompresa yangu, ukilaza mtoto juu yake, hataamka mpaka njaa imuume. Nikamwambia kabla hajaninunulia godoro anipe siku chache niende nyumbani nisikilize mwenyewe. Sikwenda kwa ajili ya jinsia, na wala sikwenda kwa ajili ya mama. Nilikwenda kuitetea kompresa.

Nilifika alasiri. Nilifungua kila kifuniko, nikasikiliza, nikapima gesi. Mashine ilikuwa nzima kabisa, ila kitu kimoja kilinishangaza: mbele yake kulikuwa na jiwe bapa lililolainika kwa kukanyagwa. Baba aliniambia ni la mama yako, hafiki kwenye mdomo wa mashine bila kulipanda. Urefu wa sanduku lile tuliupima kwa kijana wetu wa kuchomelea, ambaye akiingia mlangoni huinama.

Jioni ikafika, mama akachukua ndoo na kigoda, nikamfuata. Na hapo nikamwona ndama. Jamani. Nimeona ndama wengi maishani, lakini yule alikuwa anang'aa. Mgongo umejaa, shingo nene, anatembea taratibu kama mtu anayetoka arusini. Kwetu ndama huachiwa anyonye kidogo kwanza ili maziwa yashuke, kisha anavutwa na kufungwa, ndipo unakama. Mama alimwachia. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kunipa habari za kanisani, nani amechaguliwa mweka hazina, nani amenuna kwa sababu hakuchaguliwa. Ndama alimaliza chuchu moja akahamia nyingine. Mama akaendelea na habari za kwaya. Nikangoja amvute. Hakumvuta.

Mwishowe nikamwambia ndama atapasuka. Mama akajibu kwamba huyo ni mtoto, aachwe anyonye. Alipomvuta, alikama kidogo kwenye kibuyu alichokuwa amekificha chini ya aproni, na kidogo kilichobaki akakitia kwenye ndoo ya mashine. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikajishika kwenye ua, nikimfikiria Daktari na simu yake sikioni mwa ng'ombe. Kisha nikaona mama hacheki.

Aliniuliza kama ninataka kumsema kwa baba. Nikamwambia hapana. Akafunika ndoo, akaketi tena, na akanieleza bila kunitazama. Mzazi wa boma la pili, aliyekuwa ndiyo kwanza amejifungua, alikuwa ametuma sufuria wiki zile za mwanzo. Mama akaenda kwenye mashine na kukuta imefungwa. Baba alikuwa amekwenda sokoni na koti lake, na koti lina ufunguo. Maziwa yalikuwa pale ndani, baridi, hatua chache kutoka jikoni kwake.

"Nikarudisha sufuria ya mzazi ikiwa tupu," mama akasema. "Tangu niolewe hapa sijawahi kurudisha sufuria ya mzazi tupu. Huyo ndama nimempa mimi mwenyewe. Afadhali yeye anyonye kuliko niombe."

Hasira yote niliyokuja nayo kutoka Nakuru iliisha, nikabaki na huzuni tu, na aibu ndogo. Baadaye, tukipika, nikamuuliza kama ng'ombe wa majirani nao wamegoma. Mama akasema hajui mambo ya ng'ombe wa watu. Anachojua ni kwamba mwaka huu ndama wa kijiji kizima wamependeza.

Sasa nilikuwa nimebanwa. Muda wa majaribio ulikuwa unakwisha, na ushirika ulikuwa tayari kuwafanya wanachama watie sahihi: maziwa yote ya jioni yapitie kwenye mashine. Wanachama ni waume. Wakishatia sahihi, ile hila ya ndama ingeisha, na mama angebaki akiomba maziwa yake kila jioni mpaka azeeke. Nikiandika ukweli, ripoti ingesomwa kwenye mkutano mbele ya baba na wazee wote, na wake zao wangeitwa wezi wa maziwa. Nikinyamaza, mashine ingepata godoro.

Nilirudi Nakuru nikamwambia Daktari kompresa haina kosa. Ng'ombe pia hawana kosa. Akauliza basi ni nani aliyebaki. Nikamwambia ni sisi. Hatukuwahi kuwauliza watu wanaokama. Akasema tuliuliza boma zote, maswali yote yalijibiwa. Nikamuuliza yalijibiwa na nani. Akafikiri, akasema na wenye boma. Nikamwambia tuulize upya, jikoni, bila mume hata mmoja, na kitakachosemwa kiandikwe kuwa cha kijiji, kisifungwe kwenye boma la mtu.

Alikuna kidevu. Akauliza kama hayo si mambo ya ile sehemu yangu, ile ya mwishoni.

"Daktari," nikamwambia, "hii ndiyo mashine yenyewe. Tukikosea hapa, mimi nitakuwa nimetengeneza kabati."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mwingine angeninunia, au angeniambia nimeleta siasa. Yeye alisema tu, "Sawa. Twende jikoni." Ndiyo maana nilisema nampenda.

Akina mama walikuja jikoni kwa mama siku ya chama chao cha kuchangishana, kila mmoja na kibuyu chake ili asije akaulizwa anakwenda wapi. Baba alikuwa ameitwa kwenye kazi ya barabara. Daktari alipewa kigoda kifupi, magoti yakamfika kifuani, moshi ukamtoa machozi. Walimpa mursik. Aliangalia vile vidoa vyeusi vya mkaa akauliza kwa adabu kama kuna kitu kimeungua. Walicheka, wakamwambia anywe. Alikunywa, akapangusa mdomo, akaomba tena, na kuanzia hapo wakawa wake. Wakamuuliza kama mkewe humruhusu kuingia jikoni. Akasema hukaanga mayai. Wakataka kujua kama huyakaanga mpaka yaive.

Alipoona wamezoeana ndipo akauliza swali lake. Katika hesabu zetu, alisema, maziwa ya jioni yanapotea kabla hayajafika ushirikani, na angependa kujua yanapotelea wapi. Kisha mmoja akaanza kucheka chinichini, akaambukiza mwingine, mpaka ikabidi mmoja atoke nje ashike ukuta. Daktari alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Ni mama aliyemjibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Daktari, hiyo maziwa haijawahi kupotea. Ni wewe tu ulikuwa hujui mahali iko."

Akamweleza yote. Mzazi, vibuyu, chai ya usiku, mama mwenye hoteli. Wengine wakaongeza. Mmoja alikuwa akimlisha baba mkwe mgonjwa kwa maziwa hayo, mwingine alikuwa ameshaanza kuhongwa na mumewe usiku kwa ufunguo, naye alilisema hilo kwa sauti ambayo iliwafanya wajifunike nyuso kwa leso. Daktari hakuandika chochote. Alisikiliza akishikilia kibuyu kitupu mapajani.

Halafu tukasikia tusichokitarajia. Hawakutaka mashine iondoke. Walituona wajinga kwa kufikiri hivyo. Baridi waliipenda, kiangazi kilikuwa kinakuja. Walitaka sanduku dogo, liwe jikoni, mtu aweze kulifungua akiwa amebeba mtoto mgongoni. Walitaka mdomo wake uwe chini, kila mtu afikie bila kupanda jiwe. Walitaka mitungi ambayo mwanamke anaweza kuibeba ikiwa imejaa. Kuhusu lori waligombana. Wengine walisema maziwa ya jioni yasiguse lori kamwe, wengine wakasema kwa nini yasiguse, bora tu yaandikishwe kwa jina la aliyekama. Mama mmoja kijana na mama mmoja mzee walikaribia kutoelewana kabisa, ikabidi tule viazi kwanza.

Nilirudi karakana na mawazo tele. Nilikata mashine yangu kwa msumeno, mimi mwenyewe, pacha wa ile baba aliyoisifu kwa wazee getini, na wala haikuniuma nilivyodhani. Niliishusha, nikaipunguza, nikahamisha mfuniko ukafunguka kwa kiwiko. Kijana wetu mrefu alilalamika kwamba sasa yeye ndiye atakayepiga magoti. Nikamwambia apige, ni zoezi. Sijui lini mara ya mwisho nilikuwa nimefanya kazi nikiimba. Kwa miaka nilidhani jinsia ni kitu cha kuandikwa baada ya mashine kuisha, na kumbe ilikuwa kwenye kipimo cha kwanza kabisa cha futi kamba.

Alibaki baba. Mashine ingehama kutoka getini kwenda jikoni, na boma ni lake. Nilimkuta akirekebisha ua upande wa chini, nikajikaza kisabuni, nikaanza kumweleza mambo ya kivuli. Nilimwambia ukuta wa jikoni hauchomwi na jua, kwamba mashine itafanya kazi kidogo, kwamba betri itadumu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima. Baba alipiga msumari, akapiga mwingine, akaniacha nimalize.

"Unadhani sioni ndama wangu?" akasema.

Baba akaendelea na kazi akiongea na ua zaidi ya kuongea na mimi. Alikuwa amejua tangu mwanzo. Maziwa ya jioni si mazungumzo ya mwanamume, babake hakuwahi kuyauliza, na yeye hakuwahi kuyauliza. Lakini nilipokuja na lori, wazee wote wakitazama, angeniambia nini? Kwamba msichana wake ameleta mashine ya kuchukua kitu cha mamake? Alifikiri labda huko mjini mambo ndivyo yalivyo siku hizi. Kwa hiyo aliutia ufunguo mfukoni akakaa kimya, na mama akakaa kimya, wote wawili kwa sababu mashine ilikuwa yangu. Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Nikamuuliza kwa nini basi aliacha ndama anenepe hivyo. Akasema ndama naye ni wake, haendi popote. Kisha akanipa ufunguo kutoka kwenye koti lililotundikwa uani, na akaniomba nisimletee tena hadithi za kivuli.

Si kila boma lilikwenda hivyo. Kuna waume waliosema mashine ikienda jikoni basi irudi Nakuru, na ikarudi. Ushirika ulisumbuka, lakini mwishowe ukakubali anayekama jioni aandikishwe kwa jina lake akitaka, na wengine walitaka na wengine hawakutaka. Ripoti iliandikwa upya. Zile kurasa mbili za mwisho zilitoweka, na mchoro wa sanduku dogo ukawekwa mwanzoni pamoja na maelezo ya nani hulifungua na kwa nini. Daktari bado huteleza ulimi akisema hasara ya jioni, kisha hujirekebisha mwenyewe, na siku hizi jikoni kwa mama ana kibuyu chake.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Jumamosi, nimelala chali kando ya sanduku dogo jikoni nikibadilisha waya. Wageni wa baba walikuja mchana. Kwetu wageni wa mchana hunywa strungi, chai isiyo na tone la maziwa, maana ya asubuhi yameshaenda na lori na ya jioni hayajakamwa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mama alikuwa amekaa akisugua kibuyu kwa mkaa. Nikaona viatu vya baba vikisimama mlangoni. Havikuingia. Baba akakohoa kidogo.

"Mama watoto," akasema, "tunaweza kupata maziwa ya chai?"

Mama hakuinuka. Aligeuza kibuyu, akachungulia ndani, akasugua tena.

"Yapo," akasema. "Wageni ni wangapi?"

Baba akarudi nje kuwahesabu.